Sura ya Saba: Hulka ya Dume la Kijiji

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara ya magharibi hata akafika Busia, au atokaye Eldoret kwa njia ya Webuye na Bungoma akateremka hadi Malaba, aghalabu huvutwa macho na msururu wa malori yaliyobeba mafuta, saruji na ngano, yakingoja zamu ya kuvuka kwenda Uganda, na kwa kuwa shughuli ya forodha ni kubwa na kelele za makuli, mawakala na waendesha bodaboda hazina kituo, si ajabu apite asitazame nyuma ya maduka, ambako mashamba ya muhogo na mtama huanza ghafula, na ambako chini ya mwembe wa boma hili au lile amefungwa nguruwe mmoja, kamba mguuni, akichimbua ardhi kwa pua yake. Maudhui ya sura hii ni mnyama huyo, na hasa ghadhabu yake: inatoka wapi, nani humrithisha, na je, yaweza kupunguzwa kwa hiari ya mfugaji.

Najua ya kuwa miongoni mwa wasomaji wa lugha yetu wamo wengi sana ambao dini yao imewaharimishia nyama ya kiumbe huyu, wala simwombi hata mmoja wao alegeze itikadi yake. Lakini elimu ya tabia za viumbe haimnajisi aisomaye, na yale yaliyofunuliwa kwa kumchunguza nguruwe katika jambo hili la ushari na uhasama yanagusa ng'ombe, kuku, mbuzi na kila mnyama ambaye binadamu amemkusanya na wenzake mahali pafinyu.

Katika maeneo ya Busia, kuanzia Teso ya Kaskazini na ya Kusini hadi Nambale, Butula na Funyula, nguruwe ni mali ya mnyonge. Ng'ombe ni wa mahari na heshima. Nguruwe ni wa karo ya shule, dawa ya mtoto na mbolea ya msimu ujao, na mara nyingi mwenye kumlisha ni mama wa nyumba, ambaye humpa majani ya viazi vitamu, maganda ya muhogo, mabaki ya jikoni, maembe yaliyoanguka, na pale inapopikwa busaa, machicha yake. Wataalamu waliopita vijiji hivyo mwanzoni mwa karne hii, kama John Kagira, na Florence Mutua aliyefanya kazi Butula na Funyula, walikuta kila boma lina nguruwe wachache tu, wengi wao wa damu mchanganyiko, wakifungwa kamba msimu wa kupanda ili wasiharibu mazao, na wengi wakifunguliwa waende zao baada ya mavuno. Uhuru huo si mdogo. Lian Thomas na wenzake waliwavisha nguruwe 10 wa magharibi ya Kenya mikanda yenye chombo cha kupokea ishara za satelaiti, kikiandika mahali alipo mnyama kila baada ya dakika 3 kwa muda wa wiki moja, wakaona ya kuwa nguruwe mmoja hutembea kwa wastani mita 4,340 katika saa 12, na usiku hatulii zaidi kuliko mchana.

Sasa mnyama atembeaye kiasi hicho, au afungwaye peke yake kwenye kigingi, ana nafasi chache mno za kuonyesha ukali wake kwa wenzake. Akichukiwa hukimbia, akichukia, kamba humzuia. Ndiyo maana mzee wa Samia aliyefuga nguruwe maisha yake yote aweza kukuambia kwa moyo safi ya kuwa nguruwe ni mnyama mtulivu, na ndiyo maana mwanawe aliyejenga banda la mbao akanunua sokoni watoto wa nguruwe wanane kutoka kwa wauzaji wanne, huamka asubuhi ya pili akakuta masikio yamechanika na mabega yamejaa mistari ya damu. Mabanda hayo yanaongezeka, na ni kheri yaongezeke, kwa sababu nguruwe azururaye hula kinyesi cha binadamu akapata mayai ya tegu, naye binadamu akapata tegu kwa kula nyama isiyoiva, kisha mayai ya tegu huyo yakimwingia mtu kwa uchafu wa mikono au maji, lava wake waweza kukaa ubongoni na kumletea kifafa. Isitoshe, homa ya nguruwe ya Kiafrika, maradhi ambayo R. Eustace Montgomery aliyaeleza kwa mara ya kwanza mwaka 1921 kutokana na aliyoyaona hapa Kenya, huenezwa kwa urahisi na wanyama wasio na mipaka. Kwa hiyo daktari wa mifugo hushauri banda, na ushauri wake ni wa haki. Ila banda huleta swali ambalo kamba ilikuwa imelificha.

Ili tulielewe swali hilo, sharti tukumbuke nguruwe ni nani kwa asili. Babu yake ni nguruwe mwitu wa Ulaya na Asia, si ngiri wala si nguruwe wa msituni wa Afrika, ambao ni jamaa wa mbali. Katika maisha ya mwituni majike wa ukoo mmoja hukaa pamoja na watoto wao, mama, binti na dada, na madume wakubwa huishi mbali isipokuwa msimu wa kujamiiana. Na kundi likishajuana, kila mmoja akajua nani humpisha nani, vita huwa nadra, kwa maana kunguruma au kugeuza kichwa hutosha kumaliza ubishi. Hata watoto wa siku moja wana daraja zao. Huzaliwa na meno 8 makali kama sindano, wakapigania chuchu za mama, na katika siku chache za mwanzo kila mmoja huwa amejitwalia chuchu yake asiyoiacha mpaka aachishwe ziwa. Vita vya nguruwe, basi, ni njia yao ya kupata utaratibu. Wakikutanishwa wageni ambao hawajawahi kunusana, hupigana kwa ukali mkubwa katika saa za kwanza, na baada ya siku moja au mbili mambo hutengemaa. Taabu ni kwamba binadamu huwakutanisha wageni mara kwa mara, sokoni, garini, bandani, na kila mara vita huanza upya.

Tena ukali si wa namna moja. Kuna mapigano ya wawili walioridhia kupigana, bega kwa bega, kila mmoja akimuuma mwenzake shingoni na mabegani. Kuna uonevu, ambapo mmoja huuma na mwingine hukimbia, na majeraha yake huwa mapajani na matakoni. Kuna mama anayewageukia watoto wake mwenyewe mara baada ya kuzaa akawaua, jambo linaloonekana zaidi kwa majike wanaozaa kwa mara ya kwanza. Na kuna kuumana mikia, ambako mara nyingi hakutokani na ghadhabu hata kidogo. Hutokana na uchovu wa mnyama aliyeumbwa kuchimbua ardhi mchana kutwa akafungiwa kwenye sakafu tupu. Mfugaji anayeyachanganya haya yote akayaita jeuri, atatibu ugonjwa asiokuwa nao mnyama wake.

Je, ukali hurithiwa? Wafugaji wa kale walijibu ndiyo pasipo kupima, na mizani ya sayansi imewaunga mkono kwa sehemu. Simon Turner wa Scotland na wenzake walifanya jambo lililohitaji subira kubwa: waliwachanganya nguruwe wachanga wasiojuana, wakawatazama saa kwa saa nani ameanza, nani amejibu, nani ameonewa, kisha wakahesabu mikwaruzo kwenye ngozi ya kila mmoja, mbele, katikati na nyuma, wakalinganisha matokeo na nasaba za wazazi. Katika nguruwe 1,663 waliochunguzwa, kadirio la urithi wa kupigana vita vya wawili lilikuwa 0.43, la kuwaonea wengine lilikuwa 0.31, na la kuonewa lilikuwa 0.08 tu. Nambari hizi zisisomwe kwa haraka. Hiyo 0.43 haina maana ya kuwa sehemu 43 katika kila 100 za hasira ya nguruwe fulani zimetoka kwa baba na mama yake. Maana yake ni kuwa, ukizichukua tofauti zote za upiganaji zilizoonekana baina ya nguruwe na nguruwe katika kundi lile, sehemu kama 43 katika 100 za tofauti hizo zilitokana na urithi, na zilizobaki zilitokana na mengineyo: malezi, nafasi, chakula, uzito, na bahati ya nani aliyekutana na nani. Huko Denmark, Peter Løvendahl na wenzake waliwapima majike wakubwa waliochanganywa, wakapata nambari za chini zaidi kwa uchokozi, baina ya 0.17 na 0.24, lakini picha ilikuwa ile ile, kwa maana kuchokozwa karibu hakukuwa na urithi wowote.

Naomba msomaji alitafakari jambo hilo, kwa sababu mimi naliona kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote katika uchunguzi huu. Mchokozi huzaliwa, walau kwa sehemu, mwathirika hazaliwi. Nguruwe mwenye majeraha matakoni hajabeba katika damu yake kasoro iliyomfanya aonewe, amekutwa tu mahali ambapo mwonevu yupo. Na bado mfugaji anapoingia bandani akamwona mmoja amekonda na amejaa vidonda, ambaye humtoa akamuuza ni yule yule aliyeumizwa, huku mwenye afya, mkubwa, mwenye mgongo mpana, aliyeshiba kwa kuwafukuza wenzake kwenye hori, akabakizwa kuwa dume la mbegu. Kwa kitendo hicho, kikirudiwa kizazi baada ya kizazi bila nia mbaya ya mtu yeyote, ukali huchaguliwa kwa jina la ukubwa.

Wala mtu asidhani kuna jeni moja ya hasira ambayo ikiondolewa basi nguruwe atakuwa kondoo. Mfano wa jeni moja upo, lakini ni wa jambo jingine. Mwaka 1991 wataalamu wa Toronto, Junichi Fujii na wenzake, walionyesha ya kuwa herufi moja tu iliyobadilika katika jeni iitwayo RYR1, iliyo kwenye kromosomu ya 6 ya nguruwe, ndiyo iwafanyayo baadhi yao, hasa wa mbari ya Piétrain ya Ubelgiji, kukakamaa, kupandwa na joto na kufa ghafula wanaposumbuliwa safarini au machinjioni. Jeni hiyo iliyobadilika ilikuwa imeenea kwa sababu huongeza nyama isiyo na mafuta. Wafugaji waliipenda faida wasijue wamenunua mauti pamoja nayo. Ilipojulikana, kipimo cha damu kilitosha kuwatenga wenye kuibeba. Ghadhabu haiko hivyo. Tangu ramani ya urithi wa nguruwe ilipochapishwa mwaka 2012 kutokana na jike wa mbari ya Duroc, wataalamu wametafuta, na wakipatacho ni mchango mdogo mdogo wa jeni nyingi zilizotawanyika, nyingine zikigusa kemia ya ubongo, nyingine homoni za taharuki, nyingine ukuaji wenyewe. Tabia ya namna hii haipimwi kwa tone la damu. Hupimwa kwa matendo ya mnyama na ya jamaa zake.

Lakini yapo mageuzi ya fikra yaliyorahisisha kazi hiyo. Zamani kila mnyama alihesabiwa kwa uzito wake mwenyewe, kana kwamba anaishi peke yake duniani. Piter Bijma wa Wageningen, Uholanzi, na William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walisisitiza ya kuwa uzito wa nguruwe umo pia katika jeni za jirani yake: ukimweka pamoja na mwenzi mpole atakua, ukimweka pamoja na mwonevu atadumaa, hata kama chakula ni kile kile, basi kila mnyama ana thamani mbili za urithi, ile aifanyayo nafsini mwake na ile awafanyiayo wenziwe. Muir alikuwa amekwisha kuonyesha nguvu ya wazo hili kwa kuku wa mayai ambao hawakukatwa midomo. Badala ya kuchagua kuku mmoja mmoja aliyetaga sana, alichagua vizimba vizima vya kuku ndugu ambavyo kwa jumla vilitaga na kuishi vizuri, na ndani ya vizazi vichache vifo vya mwaka vilishuka kutoka 68 katika 100 hadi 8.8. Kwa nguruwe, Irene Camerlink na wenzake huko Uholanzi waliwalea 480, nusu wakitoka kwa wazazi waliokadiriwa kuwa na athari njema juu ya ukuaji wa wenzao, na nusu kwa wazazi wenye athari mbaya; na ilidhihirika mwaka 2015 ya kuwa wale wa kundi la kwanza waliwauma wenzao kidogo zaidi, masikio yalisalimika zaidi, hata magunia waliyotundikiwa ya kuchezea hawakuyararua kwa pupa ile ile. Tena waliotandikiwa majani makavu, wa kundi lolote, walikuwa na amani zaidi kuliko waliolala kwenye sakafu tupu. Urithi na malezi, kila kimoja kilifanya kazi yake bila kumzuia mwenziwe.

Turudi sasa Busia. Katika vijiji vingi vya hapa si kila mwenye jike ana dume, kwa kuwa dume hula na hazai. Hivyo jike huongozwa kwa kamba hadi kwa jirani, au dume hukutana naye njiani katika ule uhuru wa baada ya mavuno, na baada ya miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu watoto huzaliwa. Dume mmoja aweza kuwa baba wa karibu kila mtoto aliye katika kitongoji, na akikaa muda mrefu huwa baba na babu kwa wakati mmoja. Mahali pa jinsi hiyo hulka ya mnyama mmoja ni jambo la jamii nzima, kwa sababu watoto wake ndio watakaonunuliwa na watu mbalimbali kisha wakakutanishwa mabandani. Na biashara haiishii kwenye mpaka: Jacqueline Lichoti na wenzake, walipozifuatilia njia za wachuuzi wa nguruwe baina ya Kenya na Uganda, walizikuta zikisokotana pande zote mbili, na haikosi kuwa hivyo, maadamu watu wa pande hizo ni ndugu, lugha zao ni zile zile, na Uganda ndiyo yenye nguruwe wengi zaidi katika Afrika ya Mashariki.

Damu yenyewe imekwisha kuchanganyika. Uchunguzi wa Denis Mujibi na wenzake, uliochapishwa Januari 2018, ulisoma maelfu ya alama za urithi katika nguruwe wa vijiji vya Busia na wa Homa Bay. Wa Homa Bay walionekana kuwa kundi la aina moja, la kienyeji. Wa Busia walikuwa mchanganyiko mkubwa, wakiwa wamepenywa sana na mbari za biashara za kigeni, na hili halishangazi katika kaunti iliyo njia panda. Lakini lilikuwapo na jingine la kuzingatiwa: nguruwe wa Busia ambao hawakukutwa na virusi vya homa ya nguruwe walikuwa na sehemu kubwa zaidi ya nasaba ya kienyeji, zaidi ya 54 katika 100, kuliko wale waliokutwa navyo. Hapa pana onyo kwa kila anayeamini ya kuwa dawa ya umaskini wa mfugaji ni kumletea dume mweupe, mrefu, wa kigeni, na kulifuta dume la kijiji. Mbari za kigeni zilichaguliwa kwa miongo mingi zikue upesi katika mabanda yenye chakula tele. Hazikuchaguliwa kwa maradhi ya hapa, wala kwa njaa ya mwezi wa Mei. Basi kigezo cha hulka kisifanywe kisingizio cha kuhukumu kwa rangi ya ngozi. Mpole yumo miongoni mwa weusi na weupe, na mkorofi vilevile.

Na mfugaji asiye na maabara afanye nini? Anayo macho, na macho hayo ndiyo chombo walichotumia wataalamu wa Scotland. Kabla ya kulipa fedha au kuahidi mtoto kwa ajili ya dume, na aende kwenye maboma yenye watoto wa dume huyo waliokwisha kuachishwa ziwa, awatazame ngozi. Mikwaruzo michache ya mabegani katika siku mbili za kwanza baada ya kuchanganywa isimtishe, kwa maana wanajipanga tu, tena imeonekana ya kuwa nguruwe wanaokwepa kabisa ule mpambano wa mwanzo huweza kuumia zaidi wiki za baadaye, utaratibu usipopatikana. Vidonda vya nyuma ambavyo haviishi, wiki baada ya wiki, banda baada ya banda, ndivyo vinavyomshuhudia mwonevu. Jike aliyewaua watoto wake pasipo kubughudhiwa wala kukosa maji, binti zake wasibakizwe kuwa mama. Watoto wa majike wawili wakizaliwa karibu karibu, waachwe wachanganyike wangali wananyonya, kwani wakijuana na wageni utotoni hupigana kidogo wakikua. Hori liwe refu la kuwatosha wote kula kwa pamoja, na pawe na majani au magunzi ya kuchezea. Haya ya mwisho yasipofanywa, hakuna dume duniani awezaye kuleta amani, na si haki kuilaumu damu kwa kosa la banda.

Maafisa wa mifugo wa wadi za Busia, ambao tayari huzunguka wakifundisha juu ya tegu na homa, waongeze swali moja tu katika daftari zao: watoto wa dume huyu wanaishije na wenzao? Likiulizwa katika kila kijiji kwa miaka mitano, kaunti itakuwa na kumbukumbu za kuchagulia madume yake yenyewe, ya damu yake yenyewe, pasipo kungoja mbegu kutoka ng'ambo. Na dume ambaye watoto wake katika mabanda matatu tofauti, yenye chakula na nafasi ya kutosha, wameonekana kuwararua wenzao, hata awe na mgongo mpana kupita madume yote ya tarafa, ahasiwe au achinjwe kabla hajapanda jike mwingine.